Jibu Juu ya Vyumba vya Nyuma

Riziki mwanangu,

Wanasema treni inatoka kesho asubuhi. Walisema hivyo na juzi, tukafunga muzigo, tukalia, ukapanda, ukashuka, ukarudi nyumbani kula bukari. Sasa umekwenda kumuaga Tantine Yvonne mara ya tatu, na mimi ninamujua mudogo wangu: atakupa tena chupa ya mawese, kisha atalia tena kama vile hajakuaga kamwe. Utakaa huko mpaka jioni. Mimi nimeketi barazani na karatasi za daftari lako la zamani. Ndagala wote nimeuza mapema, leo sina haraka na muntu.

Ninaandika kwa sababu kwa mudomo sitaweza. Nikianza kusema, unanikata. Wewe ni mutoto muzuri, sikatai, lakini unanikata. Halafu nikikuangalia unavyobisha, uso unakuwa ule ule wa papa yako, na mimi ninasahau nilikuwa ninataka kusema nini. Karatasi itanivumilia.

Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha, vijana wa Lubumbashi na maneno yao matamu, hayo sitayaandika. Tantine yako anakuambia yote hayo sasa hivi, na anafurahi kuyasema, tusimunyang'anye kazi yake. Mimi nina deni moja tu kwako, ni jibu. Uliniuliza swali, nikanyamaza, na tangu siku ile unaniangalia kila asubuhi bila kusema kitu. Ulifikiri nimekasirika. Nilikasirika kweli, siwezi kukudanganya. Lakini pia nilikuwa ninafikiri, na mimi nikifikiri uso wangu unafanana na wa muntu mwenye hasira, ndivyo Mungu alivyoniumba.

Nianze na swali lenyewe, uone kama nililisikia vizuri. Ulikuja jikoni na simu ukanionyesha picha za anekse yetu, vile vyumba viwili vya nyuma vyenye milango yake yenyewe. Ulizipiga siku ya Mungu, wakati wapangaji wetu, Mama Feza na watoto, walikuwa kanisani. Sijui uliufanyia nini ule ukuta ndani ya simu, ulikuwa mweupe kama wa askofu. Ukaniambia kuna kijana wa shirika moja ambaye kazi yake ni kutafutia wageni mahali pa kulala. Kila juma wanashuka watu kutoka Kinshasa, kutoka Bukavu, wanakuja kwa mikutano na mafunzo, hoteli zinajaa, na wao wanapenda sana kuamka wakiona ziwa. Analipa kwa usiku. Mugeni mumoja akikaa juma moja, anaacha zaidi ya kile Mama Feza anachotoa kwa miezi. Minerval yako ya chuo, chumba chako kule, vitabu, vyote vingetoka hapo, na mimi ningepunguza kuamukia ufukweni kugombania ndagala. Kilichobaki, ulisema, ni kumupa Mama Feza preavi, notisi ya miezi mitatu, atafute pengine.

Nikakuuliza, atafute wapi? Ukanijibu, "Mama, anekse ni mali yetu. Si huruma."

Hata mulango wa fakulte ya sheria hujauona, umeshanihukumu.

Lakini sikia, hukukosea. Ninataka ulisome hilo mapema, usije ukafikiri barua hii yote ni ya kukugombeza. Ulipiga hesabu, na hesabu yako ni ya kweli. Mimi pia niliwahi kuipiga hesabu hiyo hiyo, wewe ukiwa mudogo, na ilikuwa ya kweli siku hizo pia. Njo maana sikuweza kukujibu haraka. Najua utamu wake.

Wewe unamujua Mama Feza tangu ulipoanza kujua watu, kwa hiyo hujui alivyofika. Papa yako alijenga anekse kwa mushahara wake wa bandarini, mwaka huu ukuta, mwaka unaofuata milango. Bati alikosa. Ndipo akaja Papa Feza, mvuvi kutoka Fizi, anafuata samaki, na muke wake kijana, huyu Mama Feza, mwenye mimba. Akatoa garanti, amana ya miezi sita, mukononi. Papa yako siku ile ile akaenda kununua bati, wale watu wakangoja juma moja kwa ndugu yao, wakaja kulala chini ya garanti yao wenyewe. Papa yako alicheka mpaka machozi. Aliniambia, sasa hawa hata tukitaka kuwatoa hatuwezi, tutawarudishia nini, tung'oe bati? Wenye parsele, wenye nyumba wengi wa muji huu ni hivyo hivyo, tunajidai wakubwa na garanti za watu tumekwisha kuzila.

Wakakaa. Feza akazaliwa. Mulikuwa munaogeshwa katika beseni moja, wewe unalia, yeye anacheka. Chumvi ikikwisha kwangu ninaita tu kwa dirisha. Ninaumia kukuambia kwamba hayo yote niliyaona kuwa ya kawaida, kama maji ya ziwa, nani anashukuru kwa maji ya ziwa.

Mulango wa pili wa anekse, chumba kile kingine, alikuwa anakaa mwalimu, akahamishwa Manono. Na papa yako akafariki. Wewe ulikuwa kwenye mwaka wa nne wa shule ya musingi. Wakati huo mashirika yalikuwa yamejaa muji mzima, magari meupe kila kona, na watu wenye akili wakaniambia, Mama Riziki, usitafute lokatere mwingine, mupangaji wa miaka, weka wageni. Nikaweka wageni. Nilinunua mashuka meupe, nikaweka termosi, nikaweka maua ya plastiki juu ya meza. Ulinicheka sana kwa maua yale.

Nitakuambia kitu ambacho wajane hawasemi: nilifurahi. Muntu anakuja na mufuko wake, anakaa siku chache, anakushukuru, analipa, anaondoka kabla hujamuchoka. Hapigilii misumari ukutani. Hafugi bata. Hana shemeji anayekuja kwa siku mbili na kukaa mpaka mavuno. Unabadilisha mashuka, na chumba kinakuwa kipya tena. Baada ya musiba wa papa yako, kitu ambacho kinaweza kuwa kipya kila juma kilinisaidia kuamka.

Ubaya uliingia polepole, sikuuona. Nilianza kuogopa kelele. Nilimuomba Mama Feza asitwange majani ya sombe asubuhi. Nikawafukuza ninyi watoto uani, mukacheze mbali. Nikamuambia Papa Feza asianike tena nyavu juu ya ukuta, zinanuka, mugeni atasikia. Hawakubisha hata mara moja. Alichukua nyavu zake akaenda kuzianika kwa jirani. Sasa ninatamani angenibishia siku ile, angenisimamisha mapema, pengine mengine yasingetokea.

Mengine hayo unayakumbuka nusu. Papa Feza aliugua siku chache tu, wakamupeleka hospitali, asubuhi moja habari ikafika kwamba amekwisha. Na kwetu unajua, muntu akifa, kilio kinakuja pale alipokuwa analala. Bache, lile turubai, inafungwa uani, viti vinatoka parokiani, wanawake wanatandika mikeka na kulala chini siku zote hizo, wanaume wanakaa na moto, nyimbo haziishi. Hakuna anayeuliza parsele ni ya nani. Hata muntu mwenye roho ya jiwe anafungua geti.

Mimi nilikuwa na mugeni. Mulango wa pili alikuwa amelala enjenya mumoja wa maji, muntu wa Kongolo, alikuja kwa majuma matatu na shirika lake lilikuwa limelipa yote mbele. Nilifikiri: atalalaje? Atawaambia wenzake nini? Nikatoka mpaka getini. Nikamukuta kaka ya marehemu amefika tayari, bache begani, jasho linamutoka. Nikamupa pole. Halafu nikamuambia, kwa sauti nzuri kabisa, sauti ile ninayotumia kwa wageni, kwamba hapa ndani kuna muntu wa kazi amelipia kimya, na labda matanga yangekuwa vizuri zaidi kwake yeye, ng'ambo ya muto Lukuga, ambapo pana nafasi. Aliangalia bache. Aliniangalia mimi. Akasema tu, "Sawa, Mama," akageuka na bache yake, akaondoka.

Mama Feza alitolewa hospitali akapelekwa moja kwa moja ng'ambo. Hakuingia hata ndani ya chumba chake. Wewe njo ulimupelekea kitenge na viatu, umevifunga ndani ya nguo yako ya shule. Sikukutuma, ulienda mwenyewe.

Jioni enjenya akarudi. Alikuwa amebeba sukari, kahawa na mishumaa. Walimuambia huko kazini kwamba kuna musiba kwenye parsele anayolala, akapitia sokoni kununua vitu vya matanga kama muntu yeyote aliyelelewa. Akasimama katikati ya uwanja uliofagiwa, akaniuliza, "Mama, watu wako wapi?"

Nikadanganya kwamba familia walipenda iwe kule. Akauliza njia, akapanda pikipiki na kahawa yake, akaenda kukaa na wafiwa mpaka asubuhi. Mimi nikabaki na kile kimya. Hakuna aliyekuwa ameniomba. Si yeye, si shirika lake, hakuna. Nilikitengeneza mwenyewe kichwani, nikamutoza Mama Feza.

Nilienda ng'ambo kesho yake, nikakaa chini na wengine. Wanawake walinisogezea mukeka, hawakunisema. Nilikuwa ninataka wanigombeze. Na Mama Feza aliporudi nyumbani baada ya siku zote za kilio, alipita mbele yangu, akasimama vizuri, akanisalimia, "Jambo, Bayeri."

Si tusi, bayeri. Ni mwenye parsele, njo jina la kazi yangu. Muntu mwingine angedhani ni heshima. Lakini tangu ulipozaliwa mimi sikuwa bayeri kwake, nilikuwa Mama Riziki. Na ikaendelea. Jambo, Bayeri. Asante, Bayeri. Pesa ya nyumba ilifika kila mwezi siku yake, ndani ya karatasi iliyokunjwa, mukononi mwa Feza, haikupungua wala haikuchelewa, mimi ambaye zamani nilikuwa ninaichukua kwa vipande huku tunacheka. Chumvi ikikwisha alimutuma mutoto dukani. Uliniuliza siku moja, "Mama, kwa nini Mama Feza hakuiti tena kwa jina langu?" Nilikuambia nenda ukaoshe sahani.

Karibu mwaka muzima hivyo, Riziki. Ukikaa na wapita-njia unaweza kugombana na muntu na kesho hayupo. Lakini mupangaji wa miaka, asubuhi mutakutana kwenye bomba, atakusalimia, na itakubidi kuitika.

Ulipokaribia wakati wa kumaliza matanga, nilienda kubisha kwenye mulango wake. Nilimuomba shuguli ifanyike hapa. Nilimuambia mulango wa pili nitaufunga, hakuna mugeni. Alikuwa ametia mikono kwenye unga, hakuacha kukanda. Akasema, "Sijakukataza kitu. Parsele ni yako."

Nikarudi jikoni kwangu, nikakaa juu ya gunia. Halafu nikaenda ng'ambo kumuona kaka ya marehemu, nikasema yote wazi mbele ya muke wake na watoto wake wakubwa. Sikuongeza sababu. Akauliza kama geti letu ni pana kutosha, maana safari hii watu watakuja wengi. Nikamuambia nitaling'oa. Na nililing'oa kweli, fundi alilitoa kwenye bawaba zake, unakumbuka lilivyokuwa limelala kwenye ukuta siku zile.

Walikuja wengi kweli kweli. Bache tatu. Niliuza mashuka meupe yale na termosi, nikanunua unga, nikapika bukari na sombe na samaki mpaka mikono ikavimba. Siku mbili hakuna aliyelala. Asubuhi ya mwisho tulikuwa tunaosha vyungu, wanawake kumi na zaidi wameinama, kila mumoja na lake, na Mama Feza bila kuinua kichwa akasema, "Mama Riziki, nipe ile sufuria kubwa."

Nilimupa. Nikaenda nyuma ya jiko nikalia mpaka kitenge kikalowa. Nilikuwa nimelia siku ya papa yako, lakini siku ile nililia na furaha ndani yake, na sijui kama ninaweza kukueleza vizuri zaidi ya hapo.

Baadaye mashirika mengi yakahama, magari meupe yakapungua, na hata kama ningetaka wageni wasingekuja tena. Wenzangu waliofukuza wapangaji ili waweke wageni walikaa na vyumba vitupu, panya wanazaa. Halafu ziwa likapanda, likala nyumba za chini, na dada wa Mama Feza akawa miongoni mwa waliopoteza ukuta. Ule mulango wa pili nilifungua mimi mwenyewe, kwa watoto wawili wa dada huyo. Kwa hiyo leo anekse yote ni ya Mama Feza, Feza na mudogo wake, na hao wawili, na ulipiga hesabu yako juu ya watu watano. Watu wote wa chini wamepanda huku juu, hakuna chumba, na kikipatikana, garanti yake inatisha. Yeye anauza mandazi mbele ya shule. Preavi ya miezi mitatu kwake ni miezi mitatu ya kuangalia barabara.

Hujui kilichotokea juma hili. Yule kijana wako wa shirika alikuja kuangalia mahali, wewe ukiwa kwenye biro ya masomo unafuata makaratasi. Kijana wa heshima, sina neno. Lakini alipima chumba kwa macho akiwa amesimama mulangoni, na Mama Feza si mujinga. Siku ya pili alikuja kwangu, amevaa vizuri, akakataa kiti. Alikuwa ameshazunguka na beseni la mandazi kichwani, mutaa kwa mutaa, anauza na kuuliza. Amepata nyumba mbali sana, njia ya kwenda Nyunzu, haijawekwa milango.

Akaniambia, "Mama Riziki, mutoto asome. Mimi nitaenda, usiniandikie preavi."

Basi hapo unaona nilivyowekwa. Kama angelia, kama angeniambia nilivyomufanyia wakati wa matanga, ningejua pa kusimama. Yeye akakutetea wewe. Alisimama pale katikati ya salo yangu, juu ya tapi yangu, anaangalia picha ya papa yako, na mimi nikamuangalia yeye, nikaangalia viti, kabati la vyombo ambavyo hakuna anayevitumia, chumba changu, chumba cha pili ambacho ninaweka magunia, na nikafikiri, huyu mwanamuke na watoto wanne wako katika vyumba viwili, na kuanzia juma lijalo nyumba hii yote ya mbele itakuwa na muntu mumoja anayekohoa.

Nilimuambia arudi akapike. Nikavaa, nikaenda kwa kijana wako.

Jibu langu ni hili. Wageni watakuja, Riziki, ulisema kweli, na minerval yako itatoka kwao. Lakini watalala mbele. Nimewapa nyumba ya mbele, salo na vyumba viwili vikubwa. Kijana aliipenda kuliko anekse, alisema kutoka barazani ziwa linaonekana lote, na mimi nikajifanya sijawahi kuliona. Mimi ninahamia kwenye chumba chako kidogo cha pembeni, kwa sababu kina ule mulango wa nje ambao papa yako alitoboa na mimi nikamugombeza kwamba anaharibu ukuta. Mulango wa ndani fundi ataufunga. Mama Feza anabaki nyuma mpaka achoke yeye mwenyewe.

Nilimupa kijana sharti moja. Nilimuambia, ndani ya parsele hii kuna watu, na watu wanazaa na wanakufa. Siku kilio kikija, bache itafungwa, tutaimba, na mugeni asiyetaka atafute hoteli, pesa ya siku hizo nitamurudishia. Aliandika kwenye kompyuta yake. Akaniambia hajawahi kuandika jambo kama hilo, lakini atawasomea.

Usidhani ilikuwa rahisi. Kile kitanda kikubwa nilikilalia na papa yako, na sasa watakilalia watu wa mafunzo. Leo asubuhi nilikipiga-piga kama mbuzi anayeuzwa. Lakini nilikaa miaka hii yote nikilinda salo ambamo hakai muntu, nikifikiri ninamutunza papa yako, na yeye alijenga kwa ajili ya watu walale. Na mashirika yakiondoka tena, maana yataondoka, nitarudi mbele na hakuna atakayekuwa amepoteza nyumba.

Kuna kingine. Siku chache zijazo, treni ikipenda, wewe utakuwa lokatere. Utalala kwa mama mumoja wa Lubumbashi ambaye hujamuona, utamuita bayeri, na yeye atakuwa anahesabu ndoo zako za maji. Mimi ninamuonea huruma mapema. Atakuwa na sheria zake za kijinga juu ya geti na juu ya makaa. Nyingi zitatoka kwenye woga. Usimubishie zote siku ya kwanza, chagua moja. Lakini akikuomba jambo ambalo linakuchoma kabisa, usimunyamazie kama walivyoninyamazia mimi. Muambie usoni, halafu umusaidie kuchota maji. Na kukiwa na kilio pale, funga vitabu, toka nje, kaa chini na wao, hata kama una mitihani. Hilo tu ninakuomba. Mengine utayajua vizuri kuliko mimi.

Sasa ninakusikia unauliza, nikirudi likizo nitalala wapi, maana chumba changu umechukua. Nimelifikiria hilo kuliko yote. Ningeweza kukuandikia kwamba chumba kimoja cha mbele kitabaki kinakungoja, lakini mugeni akilipa atalala, sitaki nikuanzie maisha na uongo. Utalala na mimi. Kitanda kimoja, wewe ukutani, mimi upande wa mulango, kama ile miaka baada ya papa yako, ulipokuwa hutaki kulala peke yako na mimi nikawaambia watu, nifanye nini, mutoto anaogopa. Wewe hukuwa unaogopa, mama. Ulikuwa umeshalala kwenye chumba chako, mimi njo nilikuwa ninakuja kukubeba. Ulikuwa unapiga mateke usiku muzima, ninaamka mbavu zinauma, na ninasema asante. Fundi atakuja kupanua kitanda chako, kitutoshe wawili. Nimemuambia asikipanue sana.

Nenda, mwanangu. Ninakusikia getini, unarudi, na kweli umebeba mawese.

Mimi, mama yako